Mama Napita na Mtaa Usiotakiwa Kutembelewa

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliofanya kazi na dada yetu, familia imemkabidhi mdogo wake wa mwisho, huyu aliyesimama mbele yenu, jukumu la kuwasomea maisha ya marehemu, nanyi mtamvumilia pale sauti itakapomgomea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa mpiga chapa na mshonaji, akatembea kabla ya kutimiza miezi tisa, na mama yetu alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, akiwa na alama nzuri na adhabu nyingi za kutoka darasani bila ruhusa, kwenda kumjulia hali mwenzake aliyelala mgonjwa bwenini.

Mwaka 1983 aliajiriwa mapokezi katika zahanati ya mtaa wetu, na tarehe 6 Desemba 1986 akafunga ndoa na fundi seremala, mtu mpole kupita kiasi, aliyejifunza kula chakula kilichopoa bila kununa, wakajaliwa watoto watatu, ambao wako hapa mbele yenu. Majirani walimbandika jina la Mama Napita, kwa kuwa kila mlango aliingia akisema napita tu, na kila mlango alitoka giza likiingia.

Mwaka 2014 walikuja watafiti wa afya, wakitaka kujua kama mtu anayeishi peke yake hupata nafuu akitembelewa na jirani kila wiki, hivyo wakachagua mitaa miwili, mmoja utembelewe na wa pili uachwe kama ulivyo ili ulinganishwe, na marehemu akaajiriwa kupima presha katika huo wa kuachwa, nao ulikuwa wetu, akiagizwa apime, aandike, aage, aondoke. Jamani, mlimpa kazi hiyo nani! Alipima, akaandika, akaaga, kisha akavuta kigoda, na mwaka ulipokwisha presha za mtaa wetu zilikuwa zimeshuka kuliko za wenye kutembelewa, watafiti wakakuna vichwa, wakabadilisha hata mashine. Tarehe 9 Juni 2016, bila kuulizwa, alikwenda ofisini akasema ni yeye aliyekuwa akikaa na watu, na daktari mkuu wa utafiti, ambaye kazi yake ya miaka miwili ilikuwa imemwagika, alimfukuza, na alikuwa na haki. Lakini utafiti ulipoanza upya mwaka 2017, kila mlango uliogongwa uliuliza Mama Napita yuko wapi, na ulipokosa jibu ukafungwa, ndipo daktari akamfuata nyumbani, wakagombana asubuhi nzima, wakapatana kwamba arudi kazini, na kwamba mtaa utakaosubiri utaambiwa unasubiri, na zamu yake ya kutembelewa lazima ifike.

Novemba 2023 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akawa mgonjwa mgumu, tusidanganyane, kwani chumba kilijaa wageni naye akamhoji kila mmoja amemwacha nani peke yake. Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, mchana, akiwa kitandani nyumbani, hakushikika, akitaka kujua kwa nini dirisha la mzee fundi saa, anayeishi peke yake ng'ambo ya barabara, halijafunguliwa tangu juzi, akamwambia mdogo wake huyu nenda, mimi nina watu, yule hana. Mdogo mtu alikwenda akinung'unika, mzee akamwomba akae kidogo, akakaa, na aliporudi na jibu mdomoni dada alikuwa ameshakata roho. Anayewasomea alikasirika, hata sasa amekasirika, na hajui amkasirikie nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa utafiti, hususan daktari mkuu, aliyekuja kila Jumapili akakaa naye bila kupima chochote.

Dada, ulinituma, nami nilichelewa kurudi. Fundi saa ni mzima, dirisha lilikwama tu, na hivi sasa yuko na mtu. Pumzika kwa amani.