Mguu wa Kwanza wa Mwaka

Sogezeni viti, wanangu, mkae karibu, maana sauti yangu siku hizi ni kama kodiani ya jirani yetu Muiruri iliyotoboka, unavuta upepo mwingi unapata wimbo kidogo. Jonah, kaa upande wa dirisha. Cheruto, kaa upande huu mwingine, na msiangaliane kama paka wawili juu ya bati moja. Mimi sijafa bado. Nikishazikwa mtaangaliana mnavyotaka, lakini leo mtaniangalia mimi.

Nianze na vitu vyepesi, vile vya kugawa kwa mkono. Hizi ekari sita za Molo mnazijua. Jonah, tatu za juu ni zako, zile unazolima viazi, na ng'ombe mwekundu ni wako pia kwa sababu nyinyi wawili mnaelewana, wote mnapiga teke kabla ya kuguswa. Cheruto, tatu za chini ni zako pamoja na kibanda cha pareto, na mtu asiniletee hapa maneno ya msichana aliyeolewa. Aliolewa, hakuuzwa. Na ule ua wa miiba ya kaiyaba tuliogombania na Muiruri mpaka tukaota mvi, uacheni ulipo. Nani aliusogeza kwanza, yeye au mimi? Nimelala hapa nikitafuta jibu, silioni. Jambo nililojifunza ni kwamba huwezi kukosana kabisa na mtu ambaye kila Desemba lazima mmalize wimbo pamoja. Deni la mtu sina. Nimeishi kwa kutaja bei mara moja, anayetaka achukue, asiyetaka njia ni pana.

Haya. Sasa lile zito.

Kila siku ya mwisho ya Desemba, tangu pareto ikose soko na kile kibanda cha kuikaushia kibaki tupu, nyumba hii imepiga muziki mle ndani, muziki wa Waskoti na Waairishi, na watu wakatoka Njoro, wakatoka Elburgon, wakatoka hata mashamba ya maua ya Naivasha kuja kutusikiliza. Cheruto akaanza kubandika makaratasi ukutani, "Tamasha la Kikelti la Majira ya Baridi." Nikamuuliza, Kelti ni nini? Akasema ni watu. Wako wapi? Wengine walikwisha, akasema. Sawa. Na hiyo baridi iko wapi? Desemba huku jua linapasua midomo, vumbi linaingia mpaka kwenye tumbo la fidla, na sisi tumesimama pale na makoti tukiimba habari za barafu. Mama yenu, Mungu amlaze pema, ndiye aliyeuleta ule wimbo wa theluji kwenye Kiswahili, na kwa vile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona theluji, akaimba kwamba unga ulianguka kutoka mbinguni mpaka paa zote zikawa nyeupe. Mwaka ule wa njaa watu waliusikia wakalia machozi. Mzungu mmoja wa maua akaja kuniuliza mbona watu wanalilia wimbo wa sikukuu. Nikamwambia, boss, hata mimi sijui, ninachojua ni kwamba wakilia wanarudi mwakani.

Hata hizo nyimbo zenyewe, ni za nani? Muiruri anasikia ule wa haraka, anagonga karing'aring'a yake, ile pete ya chuma, anaapa kwamba huo ni mwomboko, ngoma ya babu yake, Waskoti ndio waliiba. Mimi nikiupiga nasikia kinubi cha baba yangu, zile nyuzi sita alizokuwa akizibembeleza jioni akishamaliza kufunga ndama. Aliyenifundisha naye alisema ni wa kijiji cha mama yake, kando ya bahari ya baridi. Watu watatu, wimbo mmoja, na hakuna anayedanganya. Nielezeni hapo, nyinyi mliosoma.

Niletee maji, Chepchirchir. Aa. Ni wewe, Cheruto. Mama yako hayupo, najua hayupo, usinitazame hivyo. Una mikono yake tu.

Nilikuwa wapi? Mlango. Sasa tuongee habari ya mlango. Mnajua kwamba kabla ya wimbo wa mwisho tunafunga mlango wa mbele kwa komeo, watu wote wakiwa ndani, na mmoja anabaki nje na kikapu cha makaa, mkate na chumvi. Anabisha. Ndani tunauliza, "Nani?" Anajibu, "Mgeni." Kibanda kizima kinaitika, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Hapo anafunguliwa, naye ndiye mguu wa kwanza wa mwaka, na baraka zote zinaingia nyuma yake. Mguu huo ulikuwa wangu. Desemba iliyopita miguu yangu ikakataa, nikawekwa kwenye kiti kama gunia, na nyinyi mkanionyesha maajabu.

Cheruto alimpa kikapu Natalie, mtoto wake. Mtoto akatoka nje, amevaa nguo nyeupe, amefurahi, nywele zake nyekundu zimefungwa utepe, zile nywele alizopewa na baba yake, yule mzungu wa visima vya mvuke kule Olkaria. Na wewe Jonah ukamfuata pale mlangoni, ukakishika kikapu. Ukasema, "Toka hapo. Desturi ni mwanaume mweusi. Nywele nyekundu ni mkosi, Baba mwenyewe ndiye alitufundisha." Mtoto hakuachilia. Mkavutana, wewe mtu mzima mwenye kitambi na mtoto wa miaka tisa, mpaka makaa yakamwagika kwenye ile nguo. Akakuuliza mbele ya watu wote, "Uncle, kwani mimi ni nini?"

Cheruto ndiye aliyejibu, akamwambia mtoto, "Mwambie mkosi ni yeye, na kitambi chake!" Akafunga fidla kwenye sanduku, akamshika mtoto mkono, akarudi Naivasha, na mpaka leo nyinyi wawili mnatumiana salamu kupitia kwangu, mimi mgonjwa, kama posta. Watu walinigeukia siku ile niseme neno. Mimi, ambaye neno halijawahi kunikosa, wala tusi, nilibaki mdomo wazi kama beseni. Si woga. Sikujua! Jonah alisema kweli, ndivyo nilivyomfundisha. Na yule mtoto aliuliza kweli.

Nyamaza, Jonah. Utasema nikimaliza, na sitakuwapo kukusikia, kwa hiyo utasema vizuri sana.

Sikilizeni hapa kwa makini, kwa sababu hata mimi nikilisimulia jambo hili linaniponyoka. Mnafikiri hiyo desturi niliipata wapi? Shamba hili lilikuwa la mzungu wa Skotlandi, Bwana Dankan. Mimi nilikuwa kijana wa kukamua, ndevu ndiyo zinaanza. Mwaka mzima mlango wangu ulikuwa wa jikoni, tena nikishanawa miguu, na sikuwa naruhusiwa kuvuka ile meza ya jikoni. Lakini mwaka ukigeuka, Bwana alitaka mguu wa kwanza uwe wa mtu mweusi. Kwao mweusi maana yake ni nywele nyeusi basi, ila yeye akaona akifanya jambo alifanye kabisa. Nikaitwa mimi. Nikapewa makaa, mkate na chumvi, nikabisha mlango wa mbele, wageni wakanipigia makofi, nikapewa gilasi, nikanywa, halafu nikaonyeshwa njia ya kutoka, kwa jikoni. Niliingia kwa mbele nikatolewa kwa nyuma. Mpaka leo nikifumba macho najiuliza, siku ile niliheshimiwa au nilichekwa? Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, lakini mimi niliyaona yote mawili siku moja na sikujua lipi ni lipi.

Na sikuwa peke yangu pale nje. Hilo sijawahi kuwaambia. Mke wa Bwana, Memsahib, alikuwa na nywele nyekundu kama ndevu za mahindi, na kwao nywele hizo zikitangulia mlangoni ni mkosi, kwa hiyo mumewe alimtoa nje mapema asikutwe ndani mwaka ukigeuka, aingie nyuma yangu. Mwenye nyumba, ametolewa nje ya nyumba! Tukasimama sote kwenye veranda na ile baridi ya usiku wa Molo, sakitu, ile barafu nyembamba, imeganda kwenye majani. Siku zote mkosi nilikuwa mimi na mwenye mlango ni yeye. Siku hiyo moja mimi nikawa baraka na yeye akawa mkosi, na hakuna kati yetu aliyefanya lolote. Alikuwa na fidla yake, akaanza kupiga ili vidole visigande. Nikamwambia uzi mmoja umelegea. Akauliza nimejuaje. Nikasema kwa kinubi cha baba. Akanipa nikaze. Ndiyo shule yangu hiyo, nyingine sikusoma, na baada ya hapo kila nikimaliza kukamua alinifundisha pale pale veranda, ndani hapana.

Mwaka wa mwisho tulibisha, Bwana alikuwa amelewa amelala. Tukabisha tena. Mimi hasira zangu mnazijua, yeye zake zilizidi. Akasukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka, akaingia yeye kwanza, mimi na makaa nyuma yake. Bwana akaamka akapiga kelele kwamba amewaletea mkosi. Na kweli! Kabla ya mwaka ule kuisha shamba liliuzwa, likakatwa vipande, wakapanda meli wakaenda, Memsahib akaniachia fidla mkononi bila kusema kitu. Na kimoja cha vile vipande ni hizi ekari sita.

Sasa nijibu, Jonah. Huo ulikuwa mkosi wa nani? Unalima mkosi wa nywele nyekundu, mwanangu. Viazi unavyopeleka soko la Nakuru ni vya mkosi, nyumba yako imeezekwa kwa mkosi, wanao Maxwel na Valarie wamesomeshwa na mkosi, na wewe unasimama mlangoni kumzuia mtoto asituletee mwingine! Ah, cheka, Cheruto, lakini usicheke sana, kwa sababu mambo hayanyooki hivyo. Yule mama alilia siku ya kuondoka. Mimi nilicheka moyoni, shamba linakuja, na nilikuwa nampenda kama mwalimu wangu, na nikaenda nyuma ya zizi nikalia pia. Mkosi gani huo unaomliza mtu na kumchekesha kwa jicho moja? Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la wakuu wote, weusi na weupe, na guu likavunjika vile vile. Nimeifanya ile desturi maisha yangu yote na sijui maana yake. Nilidhani nikizeeka nitajua. Nimezeeka.

Ngojeni kidogo. Kifua.

Basi nitasema nisilolielewa, na nyinyi mlifuate. Desemba hii mtapiga. Mtu asiseme kuna matanga, matanga yangu ndiyo hayo. Fidla ibaki kwa Cheruto. Muiruri aitwe, aambiwe wimbo wa haraka ni wa babu yake, mwaka mmoja tu, afurahi. Kikapu abebe Natalie. Na wewe, Jonah, mkubwa wa nyumba hii, nakuachia komeo. Mimi nimekuwa mgeni mlangoni mara nyingi, na nakwambia mwenye kubeba makaa hana kazi, kazi iko kwa anayefungua. Bwana Dankan alilala, akapoteza shamba. Wewe usilale. Mtoto akibisha, umfungulie wewe kwa mkono wako, umjibu lile swali lake. Utamwambia nini, sijui. Usiniulize mimi.

Na nikitoka humu, nitoke kwa mlango wa mbele. Mkinipitisha jikoni nitawarudia, haki ya Mungu.

Yuko wapi huyo mtoto? Nimemsikia tangu asubuhi anatembea kwenye veranda. Nani alimwambia akae nje? Hakuna? Amejizuia mwenyewe? Ona sasa. Ona mlivyomfundisha. Cheruto, kaa, usiinuke wewe. Nimesema kaa.

Anabisha. Mnasikia? Anabisha polepole... kama mtu anayeomba radhi. Ulizeni ni nani. Ulizeni, sauti yangu haifiki...

Mungu awape masikio, wanangu. Awape chakula cha kumtosha na anayechelewa. Nyumba yenu isikose moto, na isikose mtu wa kuibishia hodi. Mkigombana, mgombane mkiwa mmekaa meza moja. Mimi nimewaachilia... nyote... na Muiruri...

Kuna baridi. Ni Desemba? Memsahib, mbona umesimama nje, ingia, usimsubiri, huyo amelala... mlango ni wako... Hapana. Hizo nywele ni za nani? Za Cheruto. Za mtoto wa Cheruto...

Jonah.

Nasikia kiti. Nasikia... hilo ni komeo?

Sema naye, Jonah. Kwa sauti. Nami nisikie.