Mimi Nisiyekula Kiporo

Ndugu zangu wajane na wagane wa Mtua, nanyi mliowasindikiza, mmeniita kutoka Nanganga nije niseme, nami nimekuja. Nitazungumza nikiwa nimekaa, magoti hayanitii tena. Na kama kuna anayeogopa kuona mzee analia mbele za watu, atulie. Mimi silii. Hilo nalo mtalisikia.

Miaka ya tisini nilikuwa na mikorosho yangu, elimu ya sekondari niliyoipata Nachingwea, na kauli moja: mimi sili kiporo. Mke wangu alikuwa akitoka palizi anawasha moto, jioni anawasha tena. Siku moja akaniambia, "Baba watoto, leo nichemshe mbaazi nyingi, kesho nipumzike kidogo."

Nikamjibu, "Kwani mimi nimekuwa kuku, nile makombo?"

Mahindi nayo nilitaka yatwangwe kwenye kinu. Mashine ilikuwa karibu, lakini nilisema unga wake unanuka chuma. Akatwanga.

Homa ilimchukua wakati wa mvua. Sisemi jiko ndilo lililomuua. Ninasema alikuwa amechoka, na mimi nilikuwepo nikiona.

Baada ya arobaini nikabaki na watoto watatu. Ndugu zangu, nawaambia, sikuhisi kitu. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, lakini ukiufinya haujibu. Natoka shamba jua la utosini, ndipo naanza kuchambua mbaazi na kutafuta kuni. Zikiiva, wadogo wameshalala na vumbi miguuni. Asubuhi wanakwenda shule na maji tumboni. Maneno yakafika Nambilanje kwa mjomba wao, kaka wa marehemu.

Mnajua kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Akaja na baiskeli, hata kukaa hakukaa.

"Shemeji, ufuta ukishavunwa nitapita tena. Nikikuta jiko limepoa na watoto wana njaa, nawachukua. Tusije tukagombana."

Nikasema sawa. Nilisema kama mtu aliyeombwa kiberiti.

Haikupita muda, mama mkwe akaja kuwaona wajukuu. Nanyi mnajua, mkwe na mkwe hawatazamani, wala hawasemezani hivi hivi. Akasimama nje ya ukuta wa jiko, kanipa mgongo, akamwita binti yangu mkubwa.

"Mwambie baba yako, huo moto anapikia au anakausha tumbaku?"

"Baba, bibi anasema..."

"Mwambie bibi yako mbaazi ndiyo kwanza zinachemka."

"Mwambie mbaazi huwa zinalowekwa tangu jana yake. Alfajiri anazibandika, za leo na za kesho pamoja."

"Mwambie za kesho zitachacha."

"Zitachacha akiziunga zote! Za kesho asitie nazi wala karanga. Azichemshe tena jioni na chumvi tu, azifunike. Na mahindi yaende mashine. Haya yote marehemu alikuwa anayajua. Alikuwa na mume asiyekula kiporo."

Hilo la mwisho hakumtuma mtoto. Alilisema mwenyewe, likapita ukutani.

Binti akasema, "Mmeshasikiana, mimi nakwenda kucheza."

Jioni ile nikaloweka mbaazi, alfajiri nikazibandika za siku mbili. Sikufanya kwa ari, nilifanya kama mtu anayefunga mbuzi. Mahindi nikayapeleka mashine. Karanga tukazitwanga za wiki nzima. Maji ya ugali yakiwa motoni, binti anachambua majani ya kunde. Na asubuhi ya pili yake, kabla ya shule, nikapasha mbaazi za jana, tukala wote wanne. Zilikuwa tamu. Sijui nilitegemea nini.

Ufuta ulipoisha, mjomba akapita mchana bila taarifa. Akatukuta mkekani tunakula. Akanawa, akamega tonge.

"Hizi za lini?"

"Za jana."

"Wewe? Za jana?" Akanitazama, akamega jingine. "Chumvi imezidi," akasema, akapanda baiskeli yake. Watoto wakabaki.

Namshukuru mama mkwe, ambaye mpaka anazikwa hakuwahi kunitazama usoni. Namshukuru binti yangu, aliyebeba maneno yetu. Namshukuru na shemeji, kwa kunitisha. Kwenu wanaume mlio na wake bado, nina neno moja: mwenzako akikuomba apunguziwe safari moja ya jikoni, mkubalie siku hiyo hiyo. Usingoje uipunguze mwenyewe akiwa hayupo.

Maana baada ya yote yale, mchana nilikuwa napata muda. Chakula kipo, watoto wameshiba, nakaa barazani upepo unapita. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa ananiomba. Alikuwa anaomba kukaa pale.

Ganzi haijaisha yote. Nimeacha mbaazi za jana nyumbani, nikirudi nitapasha. Nikishakula nitakaa barazani, upande mmoja wa mkeka, kama ninavyokaa siku zote.