Jaji na Kadi Zake za Vifungo

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama hadi nje ya lango kwa sababu viti vimekwisha, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mtulie msikilize maisha ya mama yetu, bibi yetu, dada yetu na jirani yenu, ambaye kitambulisho chake kina majina matatu kamili, ila hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwita kwa majina hayo, mlimwita Jaji, naye aliitikia, basi na hapa atasomwa hivyo hivyo.

Jaji alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba yake mchoma matofali na mama yake mkunga wa mtaa, na inasimuliwa kwamba alichelewa kusema, hadi siku alipofikisha miaka mitatu akamsahihisha baba yake hesabu ya matofali mbele ya mnunuzi, na kuanzia hapo hakuna aliyelalamika tena kwamba mtoto hasemi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule ya msingi iliyokuwa na kabati moja tu la vitabu, ufunguo wake ukining'inia shingoni mwa mwalimu mkuu, na kufikia mwaka wa tano alikuwa amelimaliza kabati lote, ikiwa ni pamoja na mwongozo wa kutengeneza pampu za maji. Alihitimu darasa la saba Novemba 1965, akiwa wa pili kati ya wanafunzi arobaini na wanne, na hapo ndipo masomo yake yalipoishia, si kwa kushindwa, maana nyumbani ilikuwepo nafasi moja ya kuendelea, nayo alipewa kaka yake, aliyekuwa wa thelathini na moja, na kaka huyo, aliyeketi hapa mbele na fimbo yake, ameomba mwenyewe kwamba namba hizo mbili zisomwe zote mbili, tena kwa sauti.

Mwaka 1966 alipelekwa kwa shangazi yake kujifunza cherehani, akakaa huko miaka mitano, na tarehe 3 Februari 1972 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali kuu, kile kilichoko nyuma ya jengo la kufulia, chenye madirisha sita na mvuke unaoingia yote sita, akawa anashona mashuka, foronya, mapazia ya wodini na magauni ya upasuaji, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011, bila kuacha hata sindano moja ndani ya gauni la daktari.

Ilikuwa katika chumba hicho, mwezi wake wa tatu kazini, ndipo alipookota riwaya ya upelelezi iliyosahauliwa na mgonjwa chini ya godoro, akaisoma saa za mapumziko kwa siku nne, na alipofika mahali mpelelezi anapowakusanya watu wote sebuleni ili amtaje muuaji, akafunua ukurasa na kukuta jalada, kurasa kumi na mbili za mwisho zilikuwa zimechanwa. Wenzake wakamwambia aitupe, ya nini kujitesa, lakini yeye alirudi mwanzo, akaisoma upya polepole kama mtu anayefumua mshono ili aone ulianzia wapi, kisha akachukua kadi tupu, ile karatasi ngumu ambayo vifungo huja vimeshonewa, akaandika nyuma yake jina la muuaji, sababu tatu na tarehe, akaitia mfukoni. Msimamizi wa chumba akawa anamtania kila asubuhi, "Haya, Jaji wetu, leo umemfunga nani?", na ile iliyokuwa kejeli ikageuka cheo, kikadumu kuliko cha msimamizi mwenyewe.

Aliolewa Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1973, na fundi wa redio aliyekuwa na kibanda mkabala na lango la hospitali, na ndoa hiyo nusura isifungwe, kwa sababu mwezi wa Aprili yule bwana, akitaka kumfurahisha mchumba, alimtajia muuaji wa kitabu alichokuwa amekishika, naye akiwa ukurasa wa themanini tu. Hakusemeshwa kwa wiki sita. Alirudi na barua ya kuomba radhi, na siku ya harusi, baada ya ahadi za kawaida, akaongeza ya kwake mwenyewe, kwamba hatafanya hivyo tena maishani, naye aliitimiza kwa miaka ishirini na sita hadi alipofariki tarehe 2 Novemba 1999, na familia inajua jambo moja ambalo wengi hamlijui, kwamba babu yetu alikuwa amekwishakisoma kile kitabu kilichochanwa, zamani, akakaa na jibu lake kifuani miaka mitatu, akila naye meza moja, akimwangalia mkewe anavyohangaika na ile kadi, na hakusema.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza, mwaka 1974, ni mwalimu wa hesabu, wa pili, mwaka 1977, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na wa tatu, mwaka 1981, ni mpima ardhi, na wajukuu sita, na wote tisa wanakumbuka kwamba kitu kikivunjika nyumbani hapakuwa na kelele wala fimbo, watu walikusanywa sebuleni, wakapangwa kwenye viti, wakaulizwa mmoja mmoja walikuwa wapi, na yule wa pili hakuwahi kushinda kesi hata moja.

Mwaka 1976 alijiunga na maktaba ya mji kwa kusudi moja tu, kutafuta nakala nzima ya kile kitabu, akaipata rafu ya tatu, akasoma zile kurasa kumi na mbili akiwa wima, na alikuwa amepatia, muuaji na sababu zote tatu. Akaiacha kadi yake ndani ya jalada la nyuma, imekunjwa, jina limefichwa, ili atakayefuata ajipime naye. Hivyo ndivyo kadi zilivyoanza. Sheria yake haikubadilika, aliandika kabla ya kufika mwisho, kwa maneno yake mwenyewe, "ukiandika baada ya kuambiwa, hayo si maoni, hizo ni habari", na aliposhindwa alipitisha uzi mwekundu katika yale matundu ya vifungo, ili kila mtu auone, naye alikuwa na kadi sitini na moja zenye uzi mwekundu, na hakuionea haya hata moja.

Hakusoma za upelelezi peke yake, na kadi zake zilisomwa kuliko vitabu vyenyewe, maana aliandika kama alivyosema. Juu ya riwaya moja iliyosifiwa sana, "Muuaji ametokea ukurasa wa mia mbili na kumi. Huyo si muuaji, huyo ni mgeni." Juu ya nyingine, "Mpelelezi huyu halali, hali, haogi, na shati lake ni jeupe kila siku. Nani anamfulia?" Juu ya riwaya ya mapenzi, "Wangezungumza ukurasa wa kumi, sote tungepumzika." Juu ya kumbukumbu za kiongozi mstaafu, "Kurasa mia nne juu yake mwenyewe. Mke ametajwa mara tatu, mara mbili yuko jikoni." Juu ya mwongozo wa ufugaji wa kuku, "Kuku watatu wamekufa na sababu imetajwa wazi. Waandishi wa riwaya waje hapa wajifunze." Na juu ya kitabu chembamba cha mashairi, "La nne limenifanya nizime cherehani."

Mwezi Aprili 2008 alifika mkutubi mkuu mpya, akazikuta kadi mia sita na kumi na mbili, akaamuru zitolewe zote na Jaji asiazimwe kitabu tena, na sababu aliyoiandika ni kwamba maoni ya mtu asiye na sifa za kitaaluma yanapotosha wasomaji, na alipoulizwa kaunta maana ya maneno hayo, alisema mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, "Mama, wewe ni fundi wa mashuka." Wapo waliopendekeza sehemu hii isisomwe leo, kwamba msiba si mahali pa kufufua mambo, lakini Jaji alirudi nyumbani siku ile akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, hakushona, hakula, na mtu aliyeumizwa hivyo hawezi kusomewa historia yenye shimo katikati. Kilichokuwa hatarini si karatasi za vifungo, ilikuwa ni ile nafasi ya mwaka 1965, inachukuliwa mara ya pili.

Aliandika barua ya rufaa, ukurasa mmoja, bila tusi, na Jumatano, tarehe 11 Juni 2008, saa nne asubuhi, kamati ya maktaba ikaketi katika chumba cha kusomea, mwenyekiti akiwa mwalimu mkuu mstaafu, na miongoni mwa wajumbe mhadhiri wa fasihi, ambaye alikuwa ameandika dibaji ya riwaya iliyoshinda tuzo mwaka ule. Kadi iliyoletwa kama kielelezo cha upotoshaji ilikuwa juu ya riwaya hiyo hiyo, imeandikwa, "Imeandikwa vizuri kuliko zote za mwaka huu. Lakini muuaji hakuweza. Rudini ukurasa wa tisini na sita." Mhadhiri akauliza, kwa tabasamu la mtu anayetarajia kuwahi nyumbani, hakuweza vipi na hali kitabu kinasema aliweza.

Jaji hakujibu kwa hotuba. Alitoa katika kikapu gauni la upasuaji na glavu za mpira, akamweleza kwamba ukurasa huo unasema muuaji aliingia chumba cha kubadilishia nguo peke yake, akafunga mlango, akavaa glavu na gauni kwa sekunde arobaini, akatoka na mafundo manne yamefungwa sawasawa mgongoni, kisha akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, nisaidie tu. Vaa, ufunge mwenyewe. Sikuhesabii sekunde, chukua muda wako."

Mhadhiri alichukua dakika nne, kiwiko juu, kiwiko chini, akazunguka mara mbili mahali pamoja, na alipokoma alikuwa na fundo moja, la kiunoni, limekaa upande, na kamba za katikati ya mabega zinaning'inia kama zilivyotoka cherehanini. Jaji, aliyezishona kamba hizo kwa miaka thelathini na sita, akasema, "Hili gauni hufungwa na mtu mwingine, siku zote. Kitabu kinasema alikuwa peke yake. Sasa nani alimfunga?"

Mwenyekiti, kwa msisimko, akaanza kusema kwamba kumbe basi yule fulani asingeweza kabisa, na kabla hajalitaja jina Jaji akainua mkono, akasema, "Mzee, samahani, kuna watu humu hawajakisoma."

Kadi zote mia sita na kumi na mbili zilirudishwa, moja moja, kazi iliyowachukua watu wa kaunta siku tisa, na kila kitabu kikabandikwa mfuko wa karatasi ndani ya jalada, kwa ajili ya kadi ya msomaji yeyote mwenye la kusema, na mifuko hiyo ipo hadi leo na imejaa. Mwaka 2010 riwaya ile ilichapwa tena, na katika ukurasa wa tisini na sita ameongezwa mhudumu anayefunga kamba, bila neno la shukrani popote, na Jaji akaandika kadi mpya, "Amesikia. Hakushukuru. Sasa kitabu kinasimama." Mkutubi mkuu wa wakati ule yuko nasi leo, safu ya tatu, na familia inamshukuru kwa kuja.

Jaji alianza kuugua figo Oktoba 2022, akatibiwa akiwa nyumbani hadi tarehe 22 Aprili 2024, alipolazwa katika hospitali ile ile aliyoifanyia kazi, na jambo la kwanza alilofanya kitandani ni kugeuza pindo la shuka, akasema si lake hilo, lakini si baya. Alikuwa na riwaya moja ya kurasa mia mbili sitini na nne, na Jumanne, tarehe 7 Mei, alipofika ukurasa wa mia mbili thelathini na moja, aliomba kadi yake, akaandika, akaitia katika bahasha ya dawa, akaifunga na kumkabidhi muuguzi. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mwezi mmoja na siku ishirini na tano, kitabu kikiwa juu ya blanketi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, waliomvumilia alipowauliza kila mmoja alikuwa wapi dripu ilipokwisha, inawashukuru majirani, walioleta viti, maji na mabega yao, inawashukuru mafundi wa chumba cha ushonaji, waliokesha wakikamilisha shuka alilolazwa nalo, mishono midogo, kama alivyowafundisha, inawashukuru watu wa kaunta ya maktaba, na kwa namna ya pekee inamshukuru muuguzi aliyeitunza bahasha ile siku tatu bila kuchungulia.

Maana jana Ijumaa, saa tisa alasiri, sebuleni kwake, wale kati yenu mliokuwepo mtakumbuka, kurasa thelathini na tatu zilizobaki zilisomwa kwa sauti, na mezani iliwekwa sindano yenye uzi mwekundu, kwa sababu yeye mwenyewe asingekubali kupendelewa, kisha bahasha ikafunguliwa, na kadi yake ya elfu moja mia moja arobaini na nane ikasomwa na kaka yake, jina moja, sababu tatu, na chini yake mstari huu, "Na kama si huyu, amekosea mwandishi."

Uzi mwekundu haukuhitajika. Jina hatulitaji, kuna watu hapa hawajakisoma, kitabu kimerudishwa maktaba leo asubuhi na kadi iko katika mfuko wake.

Umepatia, Jaji. Pumzika sasa, kwa amani yako yote.