Bastola ya Orval Ililaumiwa Wiki Tatu

Apa kwanza kwamba hutawaambia watu wa ng'ambo ya mto, maana nao wana uwanja wao wa shabaha na wanangoja tuaibike. Umeapa? Haya. Orval Stamper naye aliwaapisha watu wote wa benchi asubuhi, na kufika adhuhuri habari ilikuwa saluni. Usiniulize ilibebwa na nani.

Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha gari bovu, kimeegemezwa ukuta wa uwanja wa shabaha, hapa kwetu Kentucky. Kila Jumamosi watu hunywa kahawa hapo kabla ya kwenda kutoboa sahani za karatasi. Siku hiyo walikuwa watatu. Orval mwenyewe, anayeitwa Mwalimu kwa sababu miaka kumi na tisa amewafundisha wageni kushika bastola. Hobart, anayeitwa Darubini kwa unene wa miwani yake. Na Delphia msimamizi wa uwanja, Mama Kengele, ambaye akiigonga kengele ya uwanja hata mchungaji huweka silaha chini.

Siri ilikuwa hii. Bastola ya Orval, ya bei ya chini, ilikuwa inapeleka risasi chini kushoto, wiki ya tatu sasa. Ameamua kununua ile ghali ya dukani, na ili aipate atamuuzia Hobart mashua ya bati ambayo yeye na mkewe Wilma huvulia samaki kila Jumapili baada ya ibada. Wilma hajaambiwa.

— Ataona haipo, alisema Delphia.

— Nitamwambia iko kwa fundi.

— Mashua ya makasia, kwa fundi?

Orval akanywa kahawa. Hobart, ambaye roho yake ilikuwa imeshapanda mashuani, akaeleza kwamba bastola rahisi hutengenezwa Ijumaa jioni, mafundi wakiwaza nyumbani. Orval akasema chuma kikichoka hukumbuka upande kilikolalia. Hobart akaona sababu hiyo ni ndogo. Chini ya kilima kuna makaa ya mawe, akasema, na makaa huvuta chuma cha bei nafuu.

— Yangu ni ya bei hiyo hiyo, alisema Delphia. Mbona haivutwi?

— Wewe ni mwanamke, Mama Kengele, alisema Hobart. Unasimama tofauti.

Basi Orval akaazima ile ghali dukani, akapiga risasi tano. Mbili zikakaribia katikati, tatu zikaenda chini kushoto.

— Unaona? Inanizoea, alisema, na Hobart akakubali upesi mno.

Pale uwanjani kuna desturi: mwanafunzi akikosa sana, mwalimu humjazia bastola yeye mwenyewe, na kati ya risasi za kweli huficha moja ya plastiki, isiyolia. Wanaiita bubu. Orval ameshawawekea bubu nusu ya watu wa wilaya. Kwamba mtu angeweza kumwekea yeye, hilo halikumjia. Kwa hiyo Delphia alipomwambia apumzishe vidole, yeye atamjazia ile ghali, Orval aliona ameheshimiwa.

Hapo ndipo Wilma alipotokea na sinia la mikate ya soseji. Alikuwa amewaonea huruma kukaa na kahawa tupu. Delphia akampa vifunika masikio, naye Wilma akasimama nyuma ya mstari pamoja na Hobart.

Risasi ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikafanya *tik*, na mtutu ukainama chini kushoto, kama kuku anayedonoa, mbele ya macho yao wote. Hobart akatazama viatu vyake.

Wilma, ambaye hajawahi kupiga hata kopo, alishusha vifunika masikio shingoni.

— Haikulia, alisema. Sasa mbona imeinama?

Delphia alijua jibu. Hobart alijua, bubu hiyo ndiyo iliyomfundisha. Orval alijua kuliko wote, maana jibu hilo amewapa mamia ya wanafunzi: mkono unauogopa mlio kabla haujalia, unausukuma mtutu ili yaishe upesi. Aliwapa akitabasamu. Ana miaka sabini na mbili, na tangu majira ya baridi hata mlango ukibamizwa hushtuka, halafu huulaumu mlango.

Akailaza ile ghali mezani, mtutu ukielekea kwenye sahani. Akaivuta yake ya zamani.

— Delphia, nijazie na hii. Usinionyeshe.

— Orval, imetosha bwana.

— Jaza.

Moja ikalia. Iliyofuata ilikuwa bubu, na mtutu ukadonoa pale pale, kwa kina kile kile.

Orval akaiweka chini taratibu. Akageuka kwa mkewe, akainua mkono wa kulia, vidole vimeachana, kila mtu auone vizuri.

— Mkosaji ni huyu, Wilma, alisema. Na kwa ajili yake nilikuwa namuuzia Hobart mashua yetu.