Panya wa Dzombo na Mke Aliyeko Minjila

Maskani yetu hapa Garsen ni benchi moja refu ukutani kwa fundi wa pikipiki. Abdikarim hutua hapo na birika lake la kahawa baada ya alasiri, nasi tunakaa kuiangusha serikali mpaka kahawa iishe. Siku hiyo serikali ilipumzika. Dzombo, mkulima wa Kigiriama ambaye kwa kawaida hucheka kabla kichekesho hakijaisha, alikuwa ameinama akizungusha kikombe mkononi, na sote tulijua kwa nini. Maji ya mafuriko yalipopungua, panya walibaki majumbani, mtoto wake akashikwa na homa, na hospitali wakasema ni ugonjwa wa mkojo wa panya. Mtoto alipona. Lakini Kadzo, mamake, alimbeba akaenda kwao Minjila, akasema hakanyagi tena nyumba ya Dzombo mpaka panya watoke.

Sitaki mtu amwite Dzombo mvivu. Aliziba matundu kwa waya na saruji, akachimba shimo la taka mbali na nyumba, akanunua ndoo ya kifuniko ya kuwekea unga. Hata mavi ya panya hafagii makavu, maana hospitali walimkanya vumbi lake. Huyalowesha kwanza kwa maji yenye Jik, tena na glavu mkononi. Na bado kila asubuhi anakuta mengine kwenye mahindi yake.

— Minjila ni hapo tu, Sadik alimwambia. Panda boda ukamchukue.

— Nimchukue nimlete wapi? Nimemkumbuka, Sadik. Nalala upande wangu wa kitanda, ule wake siugusi. Lakini mtoto akiugua tena, nitamtazama mamake na macho gani?

Na sisi huzuni ikituingia ndipo ujinga huanza. Sadik tunamwita Daktari kwa sababu aliwahi kuuza dawa za mbuzi, na cheo hicho amekikalia hasa. Akasema panya hawa si wa hapa, wameletwa na maji kutoka Bura.

— Wamekula mahindi ya skimu ya umwagiliaji tangu wazaliwe. Mtego wa Garsen wanauona kama mchezo.

Jilo, mfugaji wetu wa Kiorma, hakuona haja ya mtego.

— Mimi nasema hama. Sisi nyumba ikileta shida tunafunga mizigo, panya inabaki na kuta.

— Na shamba nalo nilifunge? Dzombo aliuliza.

Jilo alifikiri kidogo, akasema shamba awaachie panya. Sadik akashauri sauti ya paka ichezwe kwenye simu hadi asubuhi. Dzombo akajibu polepole kwamba alishajaribu, simu ikazima. Basi Abdikarim, huku akimimina, akatoa yake.

— Panya huhesabu watu. Wameona wawili wametoka, sasa wanamngoja wa tatu.



Hapo boda ikasimama, akashuka Ngumbao, kakake Kadzo. Alitusalimu mmoja mmoja, akakataa kahawa, akabaki amesimama mbele ya Dzombo.

— Shemeji, nimepita kwako kwanza. Mahindi bado yako uchagani?

— Bado.

— Na mafiga yaliyo chini yake?

Dzombo akatazama chini. Sisi sote, hata Jilo wa ng'ombe, tunajua kwa nini Wagiriama hujenga uchaga wa mahindi juu ya mafiga. Moshi wa kila siku ndio unaowafukuza wadudu dumuzi na panya. Na sisi sote tulikuwa tunamwona Dzombo akila hotelini tangu Kadzo aondoke, mchana na jioni, na hakuna aliyejumlisha kwamba jikoni kwake moto hauwaki.

— Siwezi kuuwasha moto huo, alisema. Nikikaa pale na sufuria ya mtu mmoja, ndipo najua kweli hawapo.

Ngumbao akashusha pumzi. Nilimwona anataka kukasirika, ikamshinda.

— Kadzo hakunituma niangalie panya. Alinituma nishike majivu. Alisema yakiwa na joto atajua bado unamngoja, atarudi mpambane na panya pamoja.

Akatufungulia kiganja, kijivu mpaka vidoleni.

— Ni baridi, shemeji. Nikamwambie nini?

Tukamgeukia Daktari, maana yeye hakosi jibu. Sadik akainua kikombe chake, akanywa, ingawa kilikuwa kitupu.