Marehemu Bwana Tulieni, Aliyewaonyesha Wageni Pomboo

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenzake, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Tulieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu karibu na kiwanda cha barafu, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho, akaanza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza 1972 akiwa wa pili darasani, wakati mimi nilikuwa nimeshaingia botini bila kujua herufi hata moja, mpaka yeye aliponifundisha nikiwa na miaka hamsini na tisa, kwa ile karatasi ya majina ya ndege wanayopewa wageni.

Tarehe 3 Juni 1980 aliajiriwa kuosha boti za matembezi hapo gatini, na mwaka 1985 akawa mwongoza wageni, mimi nikishika usukani naye akisimama mbele, akiwaonyesha majabali, kasa na mikoko yenye viota, na kanuni yake ilikuwa moja, kwamba pomboo hafukuzwi, injini huzimwa, watu hutulia, naye akipenda atakuja mwenyewe, na kila alipoinua mkono mimi nilizima, hata manahodha wengine walipotupita wakitucheka kwamba tumekwenda kuvua usingizi.

Tarehe 19 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na shemeji alizoea kumtania kwamba ameolewa na mtu anayewaonyesha wake za watu bahari, huku yeye akionyeshwa suruali mbichi za kuanika, naye akimjibu asubiri wageni wapungue, nao hawakupungua kwa miaka thelathini na saba.

Oktoba 2023 alianza kulalamika tumbo, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, daktari akatueleza kwa upole kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu, maana hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Ombi lake likawa moja tu, mkewe awaone pomboo.

Tarehe 6 Aprili 2024 tulimbeba hadi botini, tukamlaza juu ya mito, shemeji pembeni yake, tukazima injini tukangoja saa mbili nzima, naye akiuma meno kwa maumivu, kisha mabinti wakaona mapezi kwa mbali, yakielekea kwingine. Mkono wake uliinuka kutuzuia. Mimi nikawasha injini nikawakimbilia wale pomboo, kwa kuogopa kwamba hatutapata siku nyingine, nao wakazama wote, maji yakabaki matupu. Marehemu akamwomba mkewe radhi, kwa maneno yale yale aliyowaambia wageni waliokosa, na shemeji akamjibu asijisumbue, mgongo mmoja ameuona, mweusi, unang'aa, ilhali macho yake wakati wote yalikuwa kwa mumewe.

Aliaga dunia tarehe 10 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, na wafanyakazi wenzake waliotuachia boti siku ile. Kwako shemeji, shukrani peke yake haitoshi, kwa kuwa wengi wamenifariji kwamba sikuuona ule mkono, nami nimewaacha waamini hivyo, lakini niliuona. Nisamehe.

Nawe mdogo wangu, pumzika kwa amani.