Deetje Lumanauw, Uso wa Kwenye Pakiti

Ndugu, jamaa, majirani wa Kawangkoan, na ninyi wasafiri mliosimamisha magari mkaingia humu turubaini bila kualikwa, karibuni nyote. Tumetakiwa kuwasomea kwa ufupi maisha ya mama yetu. Ufupi tutajaribu.

Marehemu Deetje Wilhelmina Lumanauw alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 huko Tompaso, mtoto wa pili na kitinda mimba wa mzee Hendrik Lumanauw, mgema, na Bi. Sientje Wowor, mkulima wa mahindi na karanga. Aliyemtangulia ni dada yake Fientje, aliyempita miaka minne. Wazazi walipokuwa shambani, Fientje ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kutembea, kuimba sauti ya pili, na kudanganya bila kucheka. Walilala kitanda kimoja utoto wao wote.

Alichelewa kuanza shule kwa sababu ya vita vilivyopanda mpaka milimani kwetu. Alikaa darasa la kwanza mwaka 1961 akiwa na miaka kumi, mrefu kuliko wenzake, na alimaliza shule ya msingi mwaka 1967. Hesabu alizijua, mwandiko ulikuwa kama kuku amepita. Januari 1968 alipokelewa shule ya wasichana ya mapishi na ushonaji, Tomohon. Mwaka huohuo Fientje aliolewa Bitung na fundi wa kiwanda cha samaki. Mwaka haujaisha, baba yao akaanguka kutoka juu ya mti aliokuwa akigema, akavunjika nyonga. Nyumbani kukawa hakuna mtu. Deetje alirudi na sanduku lake kumuuguza, na shule ikaishia hapo. Alikuwa akisema kwamba huko Tomohon alijifunza jambo moja tu, kukunja leso pembe nne, na kwamba hajawahi kupata mgeni wa kumkunjia.

Kazi ya kuuza karanga aliianza mwaka 1973, kwenye kona ya barabara ambako magari ya abiria hupunguza mwendo kabla ya kuingia mjini. Karanga zetu hukaangwa ndani ya mchanga, zikiwa na maganda yake, na kila mwanamke wa hapa anajua kuzikaanga. Kwa hiyo tusidanganyane: hakuwashinda wenzake kwa ukaangaji. Aliwashinda kwa kuwatazama watu. Aliona dereva ana njaa lakini mikono yake ina kazi, akawa anampa karanga za moto za bure, zilizokwisha menywa, kwenye karatasi iliyosokotwa. Dereva akishakula, anasimama. Akisimama, abiria wanashuka. Aliona wanafunzi wanapita wakitamani, akafunga vipakiti vidogo vya bei yao. Aliona wanaosafiri kwenda Jakarta wanataka kitu cha kupelekea ndugu, akafunga kwenye makopo mazito, yasiyopondeka begini. Mteja hakuonyeshwa karanga kabla hajaonja. "Macho yana maneno mengi," alikuwa akisema. "Mdomo ukishatafuna, hauna ubishi."

Tena hakungoja mavuno ndipo ahangaike. Alipatana na wakulima kabla mbegu haijaingia ardhini, na mwaka ambao mvua iliharibu, alichukua hata zile mbovu, kama alivyoahidi. Uchambuzi aliufanya kwa mapalus, ujima wetu wa zamu: leo majirani wote kwenye karanga zake, kesho yeye kwenye mahindi yao. Wenzake walipotaka kufungua vibanda vya pili na vya tatu upesi upesi, yeye alisema kibanda cha kwanza kikiwa bado kinavuja, cha pili ni cha kuiongezea mvua pa kuingilia. Vijana wenye biashara mliomo humu, yachukueni hayo. Ni mazuri na yote yalifanya kazi. Kuna moja tu ambalo tutakuja kulisema, nalo lilifanya kazi kupita kiasi.

Tarehe 22 Novemba 1975 alifunga ndoa na Kores Pangemanan, dereva wa gari la Langowan. Miezi minane Kores alikuwa akisimama pale kila siku na kununua pakiti mbili. Baada ya harusi ndipo bibi harusi alipogundua kwamba mumewe alikuwa na jino bovu na hajawahi kutafuna karanga hata moja.

"Sasa zile pakiti zote ulikuwa unazipeleka wapi?" akamuuliza.

"Nawagawia abiria."

"Mwanamume wewe! Miezi minane si ungesema tu?"

"Ningesema nini, na wewe kila nikifungua mdomo unanitilia karanga?"

Mungu aliwajalia watoto wawili, Jemmy na Altje.

Kufikia mwaka 1998 barabara ilikuwa imejaa vibanda. Kila kimoja kilijiita cha asili, kila kimoja cha Oma, yaani bibi, hata vya wasichana wasio na wajukuu. Ndipo Jemmy akaleta wazo. Wengine wote walikuwa na maneno kwenye mabango yao. "Mama, jina linaibika," akasema. "Uso hauibiki." Wakampeleka studio, wakampaka poda, na mwaka 1999 uso wake ukapanda kwenye bango na kwenye kila pakiti na kopo, umetabasamu, nywele zimefungwa, miaka arobaini na minane.

Biashara ilipanda ikawa mara mbili, kisha mara tatu. Jemmy alitembea mjini kifua mbele. Kisha ikaja Jumamosi moja Marehemu akaenda harusini Langowan, akamwachia kibanda mkamwana wake, Syeni, mke wa Jemmy. Basi likasimama. Watu wakashuka, wakatazama bango, wakamtazama Syeni, wakatazama bango tena.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametoka kidogo. Karanga ni zilezile, karibuni muonje."

"Hee! Jamani, pandeni, hizi za kuiga!" Wakapanda wote, wakaenda kununua kwenye kibanda cha jirani, ambako karanga ndizo zilikuwa za kuiga.

Tangu siku hiyo Deetje akakaa. Kuanzia asubuhi hadi taa za barabarani kuwaka, alikaa mbele, chini ya uso wake, ili watu walinganishe. Akienda chooni, kuna mtu atapiga honi. Aliacha kwaya ya akina mama, kwa sababu mazoezi yaliangukia saa za mabasi. Ibada ya Jumapili alihudhuria ile ya alfajiri, akiwa karibu na mlango. Nyumba ya matofali ilijengwa, wajukuu wakasomeshwa, wakaangaji wanane wakaajiriwa, na sote tulikula vizuri. Ni haki isemwe hapa, kwamba sote tulikula, na aliyekuwa amefungwa ni mmoja.

Kores alifariki tarehe 3 Machi 2009. Jeneza likiwa limelazwa sebuleni na turubai limejaa waombolezaji, mgeni mmoja kutoka Manado alipenya kati ya viti, akainama kwa adabu, akasema, "Oma, pole sana. Leo hazipo kabisa?" Marehemu akamtazama. Kisha akainuka katika nguo zake nyeusi, akaenda nyuma, akampimia. Aliporudi kukaa kando ya mumewe alisema kwa sauti ya chini, "Hata wewe umeweza kuondoka."

Mwaka 2012 Fientje, ambaye naye alikuwa mjane, alianza kupoteza macho. Alipiga simu kutoka Bitung. "Mdogo wangu, njoo nikuone kabla hakujafunga giza." Bitung si ng'ambo. Ukitoka hapa baada ya chai, chakula cha mchana unakula huko. Deetje akaahidi Krismasi, lakini Krismasi ndipo makopo yanapotoka. Akaahidi baada ya mavuno, na mavuno yakaja na watu wake. Akaahidi Pasaka. Alipoona aibu imezidi, akamtumia katoni nzima na ujumbe: "Dada, uso wangu huo kwenye pakiti, uutazame mpaka nije."

Fientje akapiga. "Nimeuona. Sasa mbona hausemi?"

"Nitakuja, dada."

"Dunia nzima inakuona wewe, Deetje. Mimi nikuone kwa zamu ya nani?"

Usiku ule hakula. Asubuhi alikuwa kibandani. Miaka mitano baadaye Fientje hakuona tena kitu, na mdogo wake alikuwa hajafika.

Maradhi ya moyo yalimpata Marehemu Januari 2023. Miguu ilivimba hadi viatu vikakataa, na daktari wa Manado akamkataza kukaa kutwa. Alilazwa chumba cha nyuma ya kibanda, na siku za mwanzo ilikuwa kama alivyohofia. Magari yalisimama, yakatazama, yakaondoka. Ndipo Syeni alipofanya jambo ambalo hakuna mwanaume wa nyumba hii aliyethubutu kulifanya. Alishusha bango. Akachapisha pakiti mpya zenye picha ya kikaango na mchanga, na jina la mji wetu.

"Unanizika hai!" Marehemu alipiga kelele kutoka kitandani. "Miaka yote hii nimekaa pale, leo unanivua kama kalenda ya mwaka jana!"

"Mama, kikaango hakiugui," Syeni akamjibu. "Wewe unaumwa."

"Na wakienda kwa jirani?"

"Waende. Watarudi. Si wewe uliyesema mdomo ukitafuna hauna ubishi?"

Wakawa hawasemeshani wiki nzima, wakipelekeana vikombe vya chai kwa mikono ya wajukuu. Lakini Syeni alirudi kwenye njia zilezile za mwaka 1973. Alisimama kando ya barabara na karatasi za moto, akawapa madereva mkononi. Hakuna aliyeondoka kabla ya kuonja. Wakaangaji aliwaweka mbele, badala ya uani, ili anayeshuka aone mchanga unavyogeuzwa na asikie karanga zinavyolia. Wengine waliulizia Oma, wakaambiwa anaumwa, wakanunua. Wengine hawakuuliza.

Marehemu, nyuma ya ukuta wa mbao, alisikia kila neno. Alikuwa akihesabu wanaomtaja. Mwishoni mwa Aprili mwaka huu ikafika siku ambayo mabasi yalikuja na kuondoka, makopo yakaisha, na jina lake halikutajwa na mtu yeyote. Altje alimkuta jioni amegeukia ukutani, analia kwa uchungu, na hakuna aliyejua amfariji vipi, kwa sababu alilolililia ndilo sote tulilokuwa tumeliombea. Alilia mpaka akachoka. Kisha akajifuta uso kwa shuka, akasema, "Kumbe wanaweza." Akageuka kutoka ukutani. "Basi semeni na Jemmy atoe gari. Kesho nakwenda kwa dada."

Daktari hakupenda, tukasubiri kidogo, na tarehe 6 Mei 2024 alifika Bitung. Fientje alikuwa amewekewa kiti mlangoni. Alimshika uso kwa mikono miwili, akapapasa paji, mashavu, kidevu, bila haraka.

"Mbona umezeeka hivi?" akasema. "Kwenye pakiti hukuwa na makunyanzi."

"Na wewe mbona umenenepa?"

"Nani ameniona, hata nijali?"

Walicheka hadi Jemmy akaogopa kwa ajili ya moyo wa mama yake. Akawaacha. Walilala kitanda kimoja. Mchana walikaa barazani, mmoja haoni, mwingine hatembei, wakaimba nyimbo za kwaya, Marehemu akiwa sauti ya pili. Aliamka saa aliyotaka. Alimwambia Altje kwenye simu kwamba kuna saa nzima imepita na hajafanya kitu, na hakuna honi iliyolia.

Siku moja jirani wa Fientje, mama mmoja aliyekuwa anatoka sokoni, alisimama nje ya uzio, akatazama, akasogea, akatazama tena. Kikapuni alikuwa na kopo letu, la zamani.

"Bibi, samahani," akasema. "Siyo wewe huyu?"

Deetje alilitazama lile tabasamu kwenye kopo. Fientje, aliyekuwa amekaa kando yake, ndiye anayetusimulia alivyojibu.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Watu tunafanana tu. Mimi ni mdogo wake Fientje."

Yule mama akaomba radhi, akaenda zake. Na Fientje anasema mdogo wake alisema uongo ule bila kucheka, kama alivyofundishwa, na yule mama alipotokomea ndipo akamshika dada yake mkono, akaubana kwa nguvu.

Marehemu alifariki dunia tarehe 29 Mei 2024, alfajiri, usingizini, nyumbani kwa dada yake.

Ameacha watoto wawili, Jemmy na Altje, mkamwana, Syeni, wajukuu watano na kitukuu mmoja, na dada, Fientje, aliyeketi hapa mbele. Familia inawashukuru madaktari, kanisa, majirani wa mapalus waliopika tangu juzi, na madereva wa njia ya Langowan waliokubali kupita mbele ya kaburi bila kupiga honi. Kibanda leo kimefungwa. Msiulize kama hazipo kabisa.

Bwana alimtoa, naye amempokea. Apumzike kwa amani Deetje, mdogo wake Fientje.